Makinga maji yanapasuka, miti inakufa, kisima kinakauka: jinsi ya kujua tatizo lenu liko wapi

Wakuu, hii ni kwa vikundi, kamati za maji na vijiji ambavyo vimeshaanza kazi ya kurudisha ardhi na maji na sasa mambo hayaendi. Faida za kutunza mazingira sizirudii, mshazisikia mpaka mmechoka. Hapa unatafuta dalili inayofanana na yenu, unacheki visababishi kimoja kimoja ukianza na kile rahisi kukiangalia, afu ndo unaamua ubebe sururu au uitishe mkutano. Kiukweli mara nyingi ni mkutano, mtaona huko mbele.

Ila kabla ya yote tembeeni eneo zima mvua ikiwa inanyesha. Sio kesho yake wakati kumekauka na kila mtu anasema lake, hapana, ikiwa inanyesha. Vaeni makoti, muwe watu wachache wenye mashamba sehemu tofauti za mlima, anzeni juu kabisa pale maji yanapoanza kukusanyika mshuke nayo hadi mtoni. Mtaona maji ya barabara yanaingia shamba lipi, njia ya ng'ombe iliyogeuka mfereji, wapi maji yanatoka mekundu na wapi yanatoka masafi. Mkirudi mnachora hata kwa kijiti chini, na kuanzia hapo hamna tena ubishi wa "kwangu hakuna mmomonyoko".

"Makinga maji yetu yanapasuka kila mvua kubwa"

Usizibe kwanza. Angalia yalipopasukia, maana ukishaziba ushahidi umeondoka.

Kama tuta limepasuka sehemu moja tu na hiyo sehemu iko chini kuliko kwingine, kosa ni kipimo. Tuta ambalo kwa macho limenyooka linaweza kuwa limeshuka sentimita 20 kwenye kona moja na maji ya tuta zima yanakimbilia pale. Pimeni kwa fremu A, ambayo hamhitaji kununua: miti miwili yenye urefu sawa kama mita 2 inafungwa juu, ya tatu inapita katikati kwa ulalo, na kutoka kileleni unaning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha miguu yake kwenye vigingi viwili, weka alama kamba inapogusa ule mti wa katikati, geuza fremu ili miguu ibadilishane vigingi, weka alama ya pili. Katikati ya hizo alama mbili ndo usawa. Kamba ikikaa hapo miguu yote miwili iko kwenye kontua moja, yaani mstari wa usawa mmoja mlimani, unapiga kigingi, unasogea, mpaka mwisho wa shamba. Kama kuna upepo subirini, kamba inayocheza itawapa matuta ya ajabu.

Kama yamepasuka mengi kwa mstari mmoja kushuka, hayo ya chini msiyalaumu, yameuliwa na la kwanza, na la kwanza limeuliwa na maji yanayotoka nje ya mashamba yenu: barabara, kalavati, uwanja, mapaa ya mabati, mwamba. Hapo hata muongeze matuta vipi ni kazi bure. Panatakiwa mfereji wa kukinga maji juu ya shamba la kwanza kabisa, wenye mteremko mdogo tu, uyapeleke kwenye njia ya maji iliyooteshwa nyasi. Na ndo hapo kikundi kinapimwa, maana mfereji utapita kwa mtu na njia ya maji itaishia kwa mtu mwingine ambaye hajaombwa. Vikundi vingi vinaanza na waliojitolea, ambao kwa bahati mbaya wako katikati ya mlima, na wale wa juu hawamo kabisa. Basi mtaziba kila msimu. Wa juu wanasumbua kwa sababu inayoeleweka, hasara inaenda kwa walioko chini na jasho linabaki kwao, kwaiyo nendeni na kitu: kikundi kizima kianze kuchimba kwenye mashamba yao, na majani ya ng'ombe yatakayoota kwenye matuta yawe yao wenyewe bila mjadala.

Kisababishi kingine ni cha kizembe tu. Kwenye kinga maji la aina ya "fanya juu" unachimbwa mtaro wa karibu sentimita 60 kwa 60, udongo unatupwa upande wa juu, afu tuta lipandwe majani mapema, iwe mabingobingo, vetiva, chochote chenye mizizi ya kushika. Watu wanachimba vizuri, wanapiga picha, hawapandi majani, mtaro unajaa tope msimu wa kwanza na wa pili maji yanapita juu. Cheki pia mashimo ya fuko na panya, kitobo kidogo kinatosha kuanzisha mpasuko.

Afu kuna tuta linalokufa kwa sababu mwenye shamba hakulitaka tangu mwanzo. Hili lina historia. Milima ya Uluguru, enzi za mkoloni, watu walilazimishwa kuchonga ngazi za mlimani kwenye udongo mwembamba, udongo usio na rutuba wa chini ukaja juu, mazao yakashuka, na mwaka 1955 kukatokea fujo, mpango wote ukafa. Machakos, Kenya, nako kulazimishwa kulikuwepo na kulichukiwa vilevile, lakini baadaye wakulima wenyewe wakashika fanya juu wakiona inalipa, wakachimba kwa mwethya, vikundi vyao vya asili vya kusaidiana kazi, na pamoja na kwamba watu waliongezeka zaidi ya mara 5 kati ya miaka ya 1930 na 1990, mmomonyoko ulipungua. Kwaiyo ukiona matuta ya mtu mmoja yanabomoka kila mara na ya jirani yake yamesimama, udongo ni uleule, nenda kamuulize mtu mwenyewe anapoteza nini kwa tuta kuwepo hapo. Labda linakula mistari yake miwili ya mahindi na hajaona anachorudishiwa.

"Vizuizi vya korongo vimeng'olewa"

Kama maji yamepita pembeni, kizuizi hakikuzamishwa kwenye kuta za korongo au katikati yake hapakuachwa chini kuliko pembeni, maji yakakosa mlango. Kama yamechimba shimo chini yake upande wa mbele, hamkutandika mawe ya kupokea maporomoko. Kama vya juu vimesimama na vya chini vimeondoka, mmeviachanisha mno: kichwa cha kizuizi cha chini kiwe usawa mmoja na kitako cha kile cha juu yake. Na kama vyote vimeondoka mvua moja, rudini juu mlikotoka, mmeanza korongo kabla ya kupunguza maji yanayoliingia.

"Mvua imenyesha ya kutosha, ukichimba chini pakavu"

Hapa kuna vitu viwili vinachanganywa sana, gamba la juu na tabaka gumu la chini, na dawa zake ni tofauti.

Gamba: chukua bonge kavu la udongo ukubwa wa yai, liweke taratibu kwenye glasi ya maji safi. Likisambaratika kuwa uji ndani ya dakika chache, udongo wako hauna kinachoushikilia, matone ya mvua yanaupiga, unakuwa kama sakafu na maji yanateleza. Weka pembeni glasi nyingine yenye bonge kutoka chini ya mti ambapo hapajalimwa miaka mingi, aina ileile ya udongo. Hilo la pili mara nyingi linakaa. Fanyeni hili mbele ya mkutano, watu wataiinamia hiyo glasi kuliko watakavyosikiliza hotuba. Tiba ni kufunika udongo na kuupa mboji: acheni mabua shambani, matandazo, samadi. Sasa mabua ndo ugomvi, kwa sababu kuna mifugo inayoachiwa mashambani baada ya mavuno na hiyo ni desturi ya siku nyingi, mkulima mmoja hawezi kuizuia peke yake hata awe na nia gani. Linaamuliwa na wote, pamoja na wafugaji wakiwa wamekaa hapohapo na sio kupelekewa taarifa.

Tabaka gumu: siku moja au mbili baada ya mvua nzuri chukua nondo nyembamba, ichomeke chini. Ikiingia vizuri afu ikagoma ghafla kwenye sentimita 15 mpaka 30, na ukienda kwenye mpaka wa shamba ambapo halimwi inashuka tu, basi ni jembe au plau lenu limeshindilia hapo miaka nenda rudi kwa kina kilekile. Ng'oa na mmea, ukikuta mzizi umepinda ukaenda pembeni umepata jibu. Pasueni lile tabaka wakati udongo mkavu, ukiwa umelowa mnashindilia zaidi, na pandeni mazao ya mizizi mirefu kama mbaazi.

Kwa ardhi iliyokufa kabisa, ile ngumu isiyoota hata majani, kuna mashimo ya zai. Yacouba Sawadogo, mkulima wa Yatenga kule Burkina Faso aliyefariki 2023, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliyachukua mashimo ya kienyeji, akayapanua na kuyatia samadi kabla ya mvua, mchwa wakaja wakatoboa udongo, maji yakaingia. Upana sentimita 20 mpaka 40, kina 10 mpaka 20. Yakiwashinda, sababu huwa ni moja kati ya hizi: shimo halina samadi (shimo tupu linakusanya maji tu, chakula cha mmea hamna), au udongo ni mchanga mtupu na shimo linajifukia, au mvua kwenu ni nyingi na mmea unazama. Haya ni mambo ya ukame, jamani, sio ya kila mahali.

"Tulipanda miti mingi, imebaki ya kuhesabu"

Dalili hii ndo inaongoza na ndo inadanganywa kuliko zote, maana siku ya kupanda kuna picha na siku ya kuhesabu hamna mtu.

Hesabuni mwisho wa kiangazi, sio mwezi mmoja baada ya kupanda. Mche mkavu uliosimama mzima umekosa maji, au mizizi yake ilizunguka ndani ya kiriba mkaipanda bila kuinyoosha. Uliokatwa kichwa ni mbuzi. Uliong'olewa ukaachwa chini ni ng'ombe au ni mtu, na kama ni mtu hiyo haina dawa ya bustani. Mche uliotoweka na kishimo chake kimefukiwa vizuri, hahaha, huo haujawahi kupandwa.

Kama ni mifugo, msikimbilie kununua waya. Shinyanga mnaijua habari yake, misitu ilifyekwa miaka mingi, sehemu kwa kupambana na mbung'o na sehemu kwa kupanua mashamba, mpaka ikaanza kuitwa jangwa. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986, kilichofanya kazi zaidi ilikuwa ngitili, ule utaratibu wa Wasukuma wa kufunga eneo la malisho wakati wa mvua na kulifungua kiangazi kikiwa kikali. Wenyeji walikuwa nao tayari, ulikuwa umevunjika tu, kuhamishiwa watu kwenye vijiji miaka ya 1970 kukiwa sababu moja. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishwa, nyingine za familia moja na nyingine za kijiji, na aliyekuwa anakamata mifugo iliyoingia ni sungusungu, walinzi wa jadi, wa palepale. Ukiuliza miti yote ile ilipandwa na nani, mingi haikupandwa na mtu, iliota yenyewe ilipoachwa ipumue.

Na hapo ndo swali la kujiuliza kabla ya kuagiza miche tena: chini ya hilo shamba kuna visiki? Maradi, Niger, mwaka 1983 Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alikuwa anahangaika na miche inayokufa, akagundua vile vichaka vya shambani alivyodhani ni magugu ni miti iliyokatwa inayojaribu kuchipua kila mwaka na kukatwa tena. Kinachofanyika ndo hiki ambacho Tanzania kinaitwa kisiki hai: chagua machipukizi matatu mpaka matano yaliyonyooka, kata mengine, pogoa matawi ya chini mpaka nusu ya urefu, funga kitambaa ili kila mtu ajue huu unatunzwa. Hamna kiriba, hamna kumwagilia, mizizi iko chini tangu babu. Niger inakadiriwa karibu hekta milioni 5 zilirudi hivyo.

Ila wengi wanaposimulia habari ya Niger wanaruka kipande muhimu. Sheria ilikuwa inahesabu mti kuwa wa serikali hata ukiwa shambani kwako, ukikata tawi unapigwa faini, kwaiyo mkulima mwenye akili anang'oa mche ukiwa mdogo kabla haujawa kesi. Maafisa misitu walipolegeza na watu wakaamini mti ni wao ndo kazi ikashika kasi. Basi kama miti yenu inakufa taratibu bila ugonjwa unaoeleweka, ulizeni wazi kwenye mkutano: huu mti ukikua, kuni ni za nani, nguzo ni za nani, kibali kinatoka wapi? Wakianza kutazamana mjue tatizo mmeliona. Kwa anayelima shamba la kukodi ni wazi zaidi, na wanawake wanaolima ardhi ambayo jina sio lao ni vilevile, hawezi kupanda mti wa miaka kumi kwenye shamba la msimu mmoja.

"Kisima kinapungua, chemchemi inakauka"

Pimeni kabla ya kubishana. Kisima: kamba na jiwe, pima maji yako umbali gani jioni watu wakishachota, afu pima alfajiri kabla hajachota mtu. Kama usiku yanapanda yanarudi palepale, chini maji yapo, matumizi ya mchana ndo yanazidi. Kama hayapandi, au kila mwezi yanaamkia chini zaidi, yanayoingia yamepungua au kuna anayevuta usiku. Chemchemi: ndoo ya lita 20 na saa ya simu, andika sekunde ngapi kujaa. Kila wiki, mtu yuleyule, sehemu ileile.

Kama ni kuvuta, jibu ni kanuni na sio kuchimba kirefu zaidi. Hiware Bazar, kijiji cha jimbo la Maharashtra, India, walichimba mitaro na kupanda miti mlimani kama wengine, lakini pia walipiga marufuku visima virefu vya kumwagilia, wakaacha mazao yanayokunywa maji sana kama miwa, na kila mwaka baada ya mvua wanapima na kukaa kukubaliana msimu ujao walime nini kulingana na maji waliyonayo. Wengi tunaiga mitaro tu, marufuku tunaiacha maana inauma. Maji yakiongezeka na kanuni hamna, mwenye pampu kubwa anaongeza ekari, na miaka michache mbele mko palepale.

Kama yanayoingia ndo yamepungua, angalia eneo la juu ya chemchemi. Limelimwa? Linachungiwa? Korongo limekata chini yake na linalinyonya? Mikaratusi imesogea? Mkaratusi ni mti mzuri wa nguzo lakini kwenye chanzo cha maji unakunywa mno, Afrika Kusini tangu 1995 serikali inalipa watu kuondoa miti ya kigeni kwenye mabonde ya mito kwa sababu hiyohiyo. Mwenye mikaratusi yake msimvamie na misumeno, mpeni muda avune, na mkubaliane apande nini badala yake.

Kule Alwar, jimbo la Rajasthan, India hiyohiyo, kuanzia 1985 wanavijiji wakiwa na shirika la Tarun Bharat Sangh walijenga na kufufua malambo ya udongo yanayoitwa johad, mengi sana, madogomadogo, na mto Arvari uliokuwa unakauka baada ya mvua ukarudi kutiririka. Maji yalivyorudi ugomvi nao ukaja, nani avue, nani amwagilie, ndo vijiji karibu 70 vikaunda bunge lao la mto. Jiandaeni na hilo, kufanikiwa kuna kesi zake.

Wenye mabwawa ya mchanga (ukuta unaokatiza mto wa msimu ili mchanga ujae nyuma yake na kutunza maji): mkichimba nyuma ya ukuta mkakuta tope badala ya mchanga, ukuta ulipandishwa wote kwa mkupuo. Maji yakituama yanaacha matope laini, na matope hayatoi maji. Unatakiwa kupandishwa hatua kwa hatua, kila hatua ijae mchanga kwanza, tope lipite juu. Likijaa vizuri, kati ya 25% na 40% ya ujazo ule ni maji, na jua haliyafikii.

"Maji yamekuwa ya kijani, yananuka"

Kijani ni mbolea na samadi zilizoingia bwawani. Fosforasi inakuja imeshikana na udongo, kwaiyo ukizuia tope umeizuia kwa sehemu kubwa, ukanda wa nyasi na vichaka kuzunguka bwawa unasaidia. Naitrojeni ni tofauti, inayeyuka na kushuka mpaka kisimani bila rangi wala harufu. Kama kisima kiko chini ya mashamba yanayowekwa mbolea sana, au jirani na zizi au choo, peleka maji yapimwe naitreti, ambayo ndo hiyo naitrojeni ikiwa imeyeyuka majini. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na wanaodhurika kwanza ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa maji hayo. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua na yenyewe inabaki, kwaiyo inazidi. Mifugo inyweshwe kwenye birika nje, isiingie bwawani, hiyo anzeni nayo hata leo.

"Kikundi chenyewe kimekufa"

Cheki walianza kutoweka lini. Kama ni siku posho ilipoisha, watu walikuwa wanafanya kazi ya mfadhili na sio yao, wala msiwalaumu. Kama ni baada ya faini ya kwanza, angalia ilimpata nani. Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi 2009, alichunguza jamii zilizotunza maji, misitu na malisho kwa vizazi, akakuta adhabu zao zinaanza ndogo na kupanda kwa anayerudia, wanaosimamia ni watumiaji wenyewe au watu wanaowajibika kwao, na kanuni zimetungwa na walewale zinaowabana. Vikundi vyetu vinafanya kinyume, faini ya kwanza kubwa ya kumkomoa mtu, ng'ombe wa mwenyekiti wakiingia kimya. Siku hiyo ndo mwisho, hata kama mitingi inaendelea.

Dalili nyingine ni kwamba mahudhurio yako juu lakini wanaozungumza ni walewale. Wanaochota maji kila siku wanajua chemchemi ilianza kubadilika mwezi gani, wachungaji wanajua majani gani yamepotea, na mara nyingi hao hawako kwenye kamati.

"Tumefanya vyote, hatuoni mabadiliko"

Inategemea mnasubiri nini. Zai na matandazo yanaonekana msimu uleule. Kisiki hai mwaka mmoja au miwili mnaanza kupata kuni. Chemchemi inaweza kuchukua miaka kadhaa, na mwaka wa ukame ukiingia katikati itaonekana imerudi nyuma hata kama kazi ni nzuri, ndo maana lile daftari la ndoo na sekunde liandikwe pamoja na mvua iliyonyesha, chombo cha kupimia mvua hata cha chupa iliyokatwa kinatosha ilimradi msikibadilishe. Pigeni picha sehemu ileile, mwezi uleule kila mwaka, mkiwa mmesimama kwenye jiwe lililopigwa rangi. Na acheni kipande kidogo bila kukigusa ili muwe na cha kulinganisha, kikibaki kibaya na kwingine kumeinuka hamtahitaji kumshawishi mtu, na kama kote kunafanana basi rudini kwenye mvua na makoti, kuna maji mliyapita hamkuyaona.